Gitaa la Betri Chovu

Swabra binti Uthmani alitoka Gitega na neno moja tu, nalo alilibeba kwa uangalifu kama mtu aliyepewa yai alishike katikati ya soko: baba yake amekubali.

Kwa miezi minane Mzee Uthmani alikuwa akikataa. Alikataa kwa ukali, akakataa kwa mzaha, akakataa kwa kununa; alikataa hata siku ambazo hakuna aliyemuuliza. Kisha Jumatano ile, wakati wa kufunga duka lao la kaseti pale mtaa wa Shatanya, akamwambia binti yake bila hata kumtazama usoni:

"Kesho panda gari uende Muyinga kwa shangazi yako. Mtafute yule kijana wa gitaa. Mwambie alete wazee wake. Asilimu kwanza, na zile nywele akate. Bon. Mi nimemaliza."

"Papa, umesema alete wazee?"

"Masikio ulizaliwa nayo mawili, mwanangu. Tumia hata moja."

Basi sasa alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Shangazi Kadidja, mjini Muyinga, na chai ilikuwa inapoa mbele yake kwa sababu furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni, hapakubaki nafasi ya chai.

Kadidja alikuwa anadarizi kofia. Sindano ikasimama njiani. "Nani amekubali? Uthmani? Ndugu yangu huyo mi namjua tangu tunanyonya. Hakubaliaka kitu hata saa ya kula. Kumepita nini?"

"Ni santuri, shangazi."

"Santuri gani tena? Mi nilifikiri umesema ni mapenzi."

Swabra akacheka, akavuta mtandio, akaanza kumweleza. Na alipomtaja Elikana, shangazi yake aliona jambo ambalo mwenyewe hakulijua: kila alipolitaja lile jina, sauti ilishuka, kama mtu anayepita mlangoni mwa chumba alicholala mtoto.

Elikana alikuja dukani mwaka uliopita, 2007, na gitaa la mbao za masanduku begani, nyuzi zake ni nyaya za breki za baiskeli. Alikuwa na umri wa miaka tisa yeye na wa kwao walipokimbia vita kwenda Tanzania. Alirudi kwao Gasorwe akiwa mtu mzima mwenye ndevu, akakuta shamba la baba yake linalimwa na mwingine. Hakuwa na kazi, ila mikono yake ilijua kufufua redio. Mzee Uthmani akampa kiti kona ya duka.

Kule kambini, upande wa Ngara, mwalimu mmoja aitwaye Venansi alikuwa na redio ya kaseti, na kaseti moja aliyoachiwa na mzungu wa magari ya maji. Upande wa kwanza alikuwamo Jimi Hendrix. Upande wa pili, Mark Knopfler na wenzake. Betri zilikuwa adimu kuliko nyama. Zikichoka zilianikwa juani. Zikichoka zaidi ziling'atwa kwa meno zitoe pumzi ya mwisho. Kwa hiyo kaseti ile haikuwahi kukimbia. Ilitembea kama mama mjamzito anayepanda mlima. Na Elikana, aliyezaliwa mkono wa kushoto, alilishika gitaa lake la masanduku kinyume na watu wote, akajifunza kila noti kwa mwendo ule, kwa sauti ile nzito ya chini, miaka kumi mizima.

Siku ya kwanza dukani, Mzee Uthmani alitaka kumpima. Akashusha kutoka rafu yake ya juu, rafu anayoiita Baraza la Wakubwa, santuri ya kwanza ya Hendrix, ya mwaka sitini na saba. Hupenda kuwaambia wateja kwamba gitaa lilizaliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa seremala, mara ya pili ndani ya santuri hiyo. Akaiweka. Umeme ulikuwapo.

Elikana akaruka kitini. "Mzee, samahani, punguza mbio! Mashine yako inakimbia."

"Kijana, hii mashine ilitoka Ubelgiji, mi sijaoa bado. Haikimbiake. Huo njo mwendo wake."

Elikana alichuchumaa chini, mikono kichwani. Miaka kumi. Mzee Uthmani alicheka mpaka akakohoa. "Yoo! We umejifunza muziki wa wagonjwa!"

Lakini Swabra, aliyekuwa nyuma ya kaunta anaandika majina kwenye vibandiko vya kaseti, alimsikia akipiga jioni ile, mgongo ameugeuza kwa aibu. Kile ambacho kwenye santuri kilikuwa moto wa nyasi, mikononi mwake kilikuwa kaa la chini ya jivu. Ilikuwa kama mtu anakwambia kitu anachoona haya kukisema. Kalamu ilimwanguka. Hakuiokota.

"Na baba yako akaona," alisema Kadidja.

"Papa anaonaka kila kitu. Akaniambia: Swabra, mi nilipiga gitaa katika orkesta hapa Gitega mpaka siku ya ndoa yangu, najua. Mpiga gitaa ni mpangaji, hata ndani ya moyo wa mke wake." Alimwiga baba yake, kidole juu. "Hendrix alikuwa wa kushoto, akageuza gitaa la watu wa kulia chini juu, nampenda! Knopfler naye wa kushoto, mais anapiga kwa kulia, kwa vidole vitupu, nampenda! Santana akishika noti moja, unaenda unaswali rakaa mbili, unakuja unaikuta bado iko. Nawapenda wote. Hakuna hata mmoja nampa binti."

Kadidja alicheka mpaka akajichoma na sindano. "Haya, na kukubali kumetoka wapi?"

Swabra akasogeza kikombe pembeni. Hili lilikuwa gumu kusimulia.

Wiki tano zilizopita Elikana aliitwa nyumbani Gasorwe kwa ajili ya shauri la shamba. Duka likawa kimya. Na Jumatano ile, Swabra aliporudi kutoka kununua mkate, alimkuta baba yake amesimama juu ya mashine, santuri inazunguka, naye ameweka dole gumba ukingoni mwake, taratibu, anaizuia isikimbie. Sikio ameliinamisha karibu kabisa. Muziki ulitoka mzito, wa chini, wa kupanda mlima. Mashavu ya mzee yalikuwa yamelowa.

"Akaniambia: Kumbe humu ndani kulikuwa na mtu analia, na mi miaka thelathini niko nacheza tu."

Shangazi Kadidja aliweka kofia chini. Hakutania tena. "Nenda, mama," alisema. "Nenda upesi. Neno kama hilo halilali njiani."

*

Baiskeli ya abiria ilimfikisha Gasorwe kabla ya saa sita. Kutoka barabarani alipanda kilima kwa miguu, akiuliza kwa akina Martha, mama yake Elikana, waliorudi kutoka kambini, watu wakimwonyesha kwa kidevu.

Nyumba ilikuwa ya udongo mpya. Nusu ya paa ilikuwa mabati, nusu ilikuwa bado turubai la kambi. Mbele yake mwanamke mwembamba alikuwa ameinamia maharage machanga, akiyapalilia kwa vidole kana kwamba jembe lingeyaumiza. Alipoinuka kumtazama mgeni, uso wake ulifunguka, kisha ukafungika.

"Kaze, karibu, mwanangu. Wewe ni Swabra."

"Umenijuaje, mama?"

"Mtoto wangu ana kitu anakipiga. Akifika katikati anainua macho kutazama mlango. Nikajua huko Gitega kuna mtu wa huo mlango." Martha alipangusa mikono kwenye kitenge. Kiswahili chake kilikuwa kimepikwa Tanzania, kimeungwa kwa Kirundi. "Kaa hapa kwenye kigoda. Umekuja na habari njema, naiona usoni. Mimi nina mbaya. Itangulie ipi?"

Swabra akakaa. "Yako, mama."

Martha hakukaa. Alizungumza akiwa amesimama, akitazama ng'ambo ya ua wa minyaa, ambako bati la nyumba nyingine lilikuwa linawaka jua.

"Pale ni kwa Anatoli. Sisi tulipokimbia, aliambiwa hapa pametupwa, akalima. Si mtu mbaya. Miaka kumi na minne amelima hapa, amezika watoto wawili hapa. Wazee wa kilima walikaa mara moja, mara mbili, tukashindwana. Mara ya tatu Anatoli akasema: mimi sihamishwi, na nyinyi siwafukuzi. Tugawane nusu kwa nusu, na ili asije mtu kuligusa tena, tuwe wakwe. Ana binti, Lucia."

"Elikana akasema nini?"

"Hakuulizwa, mwanangu. Aliletewa chungu."

Upepo ulipiga turubai, likavimba, likatulia.

"Kwetu hapa," Martha aliendelea, "kijana akiketishwa mkekani ubavuni mwa baba wa msichana, mbele ya wazee, akapewa mrija wa kwanza wa pombe ya mtama, na akanywa, basi ameomba na amepewa. Kila mtoto aliyekulia kilimani anajua. Lakini wangu alikulia wapi? Yeye anajua foleni ya unga. Anajua kadi ya mgawo. Aliona chungu, akadhani ni cha kupatana kwa ajili ya shamba. Akanywa. Akamshukuru Anatoli kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele, naye akawapungia mkono, anacheka, anadhani wanalipigia shamba. Mpaka Lucia alipoletwa kumsalimu, kitambaa kichwani. Hapo ndipo aliponitazama."

Swabra alisikia lile neno alilolibeba kutoka Gitega likimwelemea kifuani. Akauliza polepole, "Hakuna mtu alimwambia mbele ya kunywa?"

"Kaka yangu Adriano, aliyetusemea, alijua. Wazee walijua."

"Na wewe, mama?"

Martha alikaa sasa, chini, kwenye udongo wa shamba lake.

"Nilijua. Nilikuwa nyuma, na wanawake. Nikamwona ananyoosha mkono kuchukua mrija. Ningekohoa tu, angegeuka. Kikohozi kimoja, mwanangu. Sikukohoa."

Mbali, mtu alikuwa anamwita mbuzi.

"Anajua kama ulijua?" Swabra aliuliza.

"Hajui. Akijua ataondoka leo hii, na hatakanyaga hapa tena mpaka nife. Namfahamu, ni baba yake mtupu. Na kitu kinachoanza kwa mrija hakitapikwi. Atakayekitapika ametapika amani; Anatoli hataketi tena na sisi, na mimi narudi chini ya turubai kungojea shauri. Nimezaa watano. Nimebaki na huyu, na haya maharage."

"Mbona unaniambia mi? Mi naweza kumwambia."

"Unaweza." Martha alimtazama kwa macho makavu. "Lakini wewe ndiye niliyekuibia. Nikikuficha wewe, nitamwambia nani?"

*

Elikana alikuja kutoka bondeni na panga mkononi na tope magotini. Alipomwona Swabra aliliacha panga lianguke. Hakumkimbilia, wazee wa ng'ambo walikuwa wanaona. Alisimama hatua tatu kutoka kwake, mikono ikining'inia, na macho yake yalifanya safari yote ambayo mikono ilikatazwa: paji la uso, mtandio, viganja, kisha tena usoni, yakakaa hapo.

"Umekonda," alisema.

"Na we umechafuka."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliosikia kifo cha jirani. Walitembea hadi ukingo wa shamba, mahali ambapo kila mtu angewaona na hakuna ambaye angewasikia.

"Mama amekwambia," alisema Elikana.

"Ameniambia."

"Sikujua, Swabra. Naapa kwa Mungu wako na wangu. Nilisema moyoni, hiki ndicho chungu changu cha mwisho, nikirudi Gitega nasilimu, pombe basi. Nilikuwa tayari kuiacha pombe kwa ajili yako. Ndiyo imeninyang'anya wewe." Alipiga teke bonge la udongo. "Hata mama hakujua. Maskini, alikuwa nyuma huko na wanawake, angejuaje?"

Swabra alitazama chini. Ilikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi. *Alijua.* Neno moja tu. Angelisema, na mtu huyu angechukua gitaa lake akashuka naye kilima, na jioni wangekuwa kwa Kadidja wanakunywa chai ya tangawizi. Aligeuza kichwa. Kule nyuma Martha alikuwa amerudi kwenye maharage yake, anayapalilia kwa vidole.

"Angejuaje," alisema Swabra.

"Lakini mimi nimefikiri." Elikana alisogea nusu hatua. "Mzee amesema nini? Hukutoka Gitega bure. Nitazame. Kama amekubali, nalivunja hili leo. Nitasimama mbele ya wazee niseme, mimi ni mtoto wa kambi, sikujua mila zenu, nisameheni. Namchukua mama, tunarudi Ngara, tunapanga chumba. Nitapiga gitaa sokoni. Wewe utakuja?"

"Mama yako atakubali kurudi Ngara?"

Aligeuka kumtazama mama yake kule kwenye maharage.

"Elikana. Atakubali?"

"Siku tuliyovuka mpaka kurudi," alisema hatimaye, "alichukua udongo akauweka mdomoni. Akautafuna. Akaniambia, ladha ni ileile." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Sema tu. Mzee amesema nini?"

Kuna uongo mwepesi, ambao hutoka wenyewe kama jasho. Na kuna uongo ambao mtu huuzaa kwa uchungu, nao hufanana naye maisha yake yote.

"Papa amekataa," alisema Swabra.

Elikana alirudi nyuma ile nusu hatua.

"Alikataa vipi? Kwa maneno gani?"

"Mbona unataka maneno?"

"Nataka. Nipe yote."

"Alisema..." Ilibidi aende mbali sana ndani ya nafsi yake kuitafuta sauti ya baba yake, ile ya zamani. Akainua kidole. "Alisema, mpiga gitaa ni mpangaji, hata ndani ya moyo wa mke wake."

Elikana akacheka. Akacheka kweli, machozi yanamtoka, kwa sababu lile lilikuwa neno la Mzee Uthmani mwenyewe, lisingeweza kuwa la mtu mwingine. Na kwa sababu hiyo aliamini yote.

"Mwambie nimemsikia. Mwambie ameniheshimu kunipa kile kiti." Kisha akasema, bila kumtazama, "Ngoja nilete gitaa. Nikupigie moja uende nayo."

"Usilete."

"Moja tu, ile ya..."

"Usilete! Ukipiga, mi sitashuka huu mlima. Vraiment, Elikana. Nitakaa hapa kama jiwe la mpaka."

Akatii. Alisimama mbele yake, yule mtu mrefu wa mkono wa kushoto, na kile kiganja chenye sugu kikafunguka na kufungika, kinatafuta nyuzi ambazo hazikuwapo.

"Niambie kitu kimoja basi," alisema. "Ulinipenda mimi, au ulipenda yale makosa yangu? Zile betri?"

"Makosa yako njo we mwenyewe," alisema Swabra. "Watu wote wanaweza kuyapiga yale mengine. Yako kwenye santuri."

Hakumpa mkono. Alijua angempa asingeurudisha. Alipita kwa Martha, akainama, akamwambia "bakini salama, mama," na Martha alipomtazama akaelewa kwamba Swabra hakuitoa siri yake. Yule mama akashika pindo la kitenge chake, akalikandamiza mdomoni, akabaki hivyo mpaka mgeni alipopotea kwenye minyaa.

*

Alikuwa katikati ya mteremko aliposikia hatua nyuma yake, nyepesi, za miguu mitupu.

"Amahoro, dada. Mi nakusindikiza."

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, uso wa duara, jembe begani. Swabra hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alitamani awe mbaya. Alitamani awe na macho ya ushindi. Lakini Lucia alikuwa na macho ya mtu aliyetumwa dukani bila kuambiwa akanunue nini.

"Asante. Njia naijua."

"Mgeni hashukaki peke yake. Watu watasema." Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ndizi, nacho alikitembeza kwa tahadhari. Walishuka hatua kadhaa. Kisha: "We njo ule wa Gitega."

"Ndiyo."

"Mi sikuulizwa, dada. Papa aliniambia, vaa kitambaa, njoo usalimie. Nikasalimia." Alihamisha jembe bega la pili. "Sikuje kukugombeza. Niko na swali. Hapa hakuna mtu naweza kuuliza."

Swabra alisimama. "Uliza."

"Ile gitaa yake. Jioni anapigaka, sisi tunasikia kwetu. Papa anasema ni kelele ya wazungu. Mama anasema ni maombolezo. Mi sijui. Nikisikia, tumbo linaniuma hapa." Akajigusa chini ya mbavu. "Ni muziki wa nini? Akiipiga mbele yangu, mi nifanye nini? Nicheke? Nilie? Nicheze? Sitaki kuwa kama ukuta, dada. Mtu hapigiaki ukuta."

Chini barabarani, mwendesha baiskeli alikuwa tayari amemwona abiria wake, anapiga kengele. Swabra angeweza kushuka. Hakuna aliyemdai kitu kingine; alikuwa ametoa vyote. Aliutazama ule uso wa duara uliokunjwa kwa kuogopa kukosea, na hasira yote aliyokuwa ameiandaa ikakosa pa kukaa.

"Weka jembe chini," alisema.

Wakakaa ukingoni mwa njia, binti wa Uthmani na binti wa Anatoli. Swabra akamfundisha kama alivyofundishwa yeye dukani, tangu mwanzo. Kwamba wapiga gitaa wa Elikana ni watatu, naye akiwataja asidhani ni jamaa zake wa Tanzania.

"Hendrix. Huyo amekufa zamani, alikuwa wa kushoto kama yeye. Akipinda uzi mpaka ulie, ni huyo."

"Hendirikisi."

"Sawa. Akiacha kutumia kipande cha kupigia, akapiga na vidole tu, taratibu, kama anachambua mchele, ni Knopfler. Sema Nofla."

"Nofula."

"Nofla. Na akikaa kwenye noti moja mpaka we unasahau kupumua, hiyo ni Santana, usimguse hapo, usimwite kula. Chakula kipoe."

"Kipoe," Lucia alisema, akiweka kidole kimoja juu ya kingine, anahesabu asisahau. "Na akikosea?"

"Hakosei. Utasikia watu wanasema inakwenda polepole, inakwenda chini. Siku moja utaisikia kwenye redio inakimbia, nawe utafikiri yeye njo hajui. Usimcheke. Ya kwake njo nzuri."

"Nitajuaje kama imeisha? Siku zingine ananyamaza, halafu anaanza tena."

Kengele ililia tena barabarani. Swabra alisimama, akakung'uta sketi.

"Ataweka mkono wote juu ya nyuzi. Zitanyamaza zote. Hatakutazama, atatazama chini. Hapo amemaliza, na hapo anaogopa kuliko saa yoyote. Usimwambie ni nzuri. Haamini kama ni nzuri, ataona unamhurumia."

"Nimwambie nini sasa?"

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Si baba yake, si Shangazi Kadidja. Lilikuwa neno dogo la nyuma ya kaunta, la jioni, la watu wawili, na lilikuwa ndilo pekee lililobaki kuwa lake.

"Mwambie, 'Rudia,'" alisema Swabra. "Hivyo tu. Usiongeze kitu."

Akashuka, akapanda baiskeli, akashika kiti kwa mikono miwili. Nyuma yake, juu kwenye njia, Lucia alikuwa bado amesimama karibu na jembe lake, anajizoeza kwa sauti. *Rudia. Rudia.* Mara ya tatu alilitamka vizuri kabisa, laini, bila haraka, vizuri kuliko Swabra alivyotaka, na mwendesha baiskeli, ambaye hakujua chochote, akauliza kama dada yule pale anamwita mtu.

"Hapana," alisema Swabra. "Twende."